Naomba ushauri: programu gani inarudisha ukali wa picha za harusi zilizotoka na ukungu?

Kijana wa Mindu:
Wakuu habari za jioni. Kuna harusi nimepiga Jumamosi hapa Morogoro. Kwenye kioo cha kamera picha zilikuwa safi, nimezifungua kwenye kompyuta nyingi zina ukungu. Nitajieni programu inayorudisha ukali, ya bure ikiwezekana. Nina haraka, familia wanaulizia. Wa matusi pitieni mbali.

Shangazi Nuru:
Pole mwanangu. Kwenye harusi yangu mwaka 1998 filamu haikushika kwenye kamera, mkanda haukuzunguka. Tulipiga pozi kutwa nzima na hatukupata hata picha moja. Mpaka leo mume wangu akinuna sina ushahidi kwamba aliwahi kutabasamu.

Fundi Lenzi:
Programu baadaye. Kuza picha, uangalie kama kuna chochote kilichotoka safi: nyasi, kifungo cha koti, keki. Kikiwepo, fokasi (pale lenzi inapolenga ukali) ilitua hapo badala ya kutua kwa watu. Kama hakuna, na taa zimejichora mistari, basi kamera ilitikisika au shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) ilikuwa ya polepole. Tutajie lenzi, apecha (uwazi wa lenzi; namba ya f ikiwa ndogo, uwazi ni mkubwa), shata (sehemu ya sekunde) na ISO (wepesi wa kamera kuupokea mwanga).

Mzee wa Busara:
Vijana siku hizi mnapokea advansi kwanza, kazi mnajifunzia kwenye harusi za watu. Zamani fundi alikaa miaka chini ya mwalimu wake.

Kijana wa Mindu:
Mzee, sikuomba hotuba. Fundi: lenzi ni 50mm f/1.8, kamera ina sensa (kipokea mwanga) ya APS-C, ile ndogo. Apecha 1.8 mwanzo mwisho, bi harusi mwenyewe alitaka nyuma pafifie. Shata 1/2000, ISO 100. Hizo ni za familia ukumbini. Mstari wa mbele uko safi, wa nyuma ndio shida.

Kipanga:
Ngoja kwanza. Ukumbini, usiku, 1/2000 kwa ISO 100? Ukumbi gani huo hauna paa? Picha ingetoka nyeusi tii. Wakuu, hii ni chai. Subirini, sasa hivi itakuja akaunti ya pili kutaja programu "iliyomsaidia sana", na bei yake.

Bwana Kitumbua:
Kikombe ninacho. Nani ana chapati?

Kijana wa Mindu:
Siuzi chochote jamani! Nimechanganya mafaili. Hizo ni za bustanini saa kumi na moja jioni, kivulini. Za ukumbini ni 1/40, ISO 400, f/1.8 ile ile. Hizo ndio hazina kilicho safi, hasa walipokuwa wanaingia wakicheza.

Kipanga:
Hapo walau inaingia akilini. Nimerudisha kikombe, ila nakaa karibu.

Fundi Lenzi:
Basi una shida mbili, na moja haihusiani na nyingine. Bustanini tuseme ulisimama mita 4. Kwa lenzi hiyo, f/1.8 na sensa hiyo, eneo linalotoka safi ni kama sentimita 44 tu, mbele hadi nyuma. Mistari mitatu ya wajomba haienei humo. f/8 ingekupa karibu mita 2, na mwanga ulikuwepo: ISO 200, shata 1/200, eksposha (mwanga wa picha) haibadiliki.

Ukumbini fokasi inaweza kuwa sawa kabisa, ila 1/40 haimkamati anayecheza. Kitulizi cha lenzi nacho kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mama mkwe. Ungepandisha ISO hadi 3200 ungepata 1/320. Chengachenga, zile punje punje za ISO kubwa, zingekuwepo, lakini mtu angejulikana.

Programu ya kunoa inakoleza tofauti ya giza na mwanga kwenye kingo za vitu. Ukingo ambao kamera haikuunasa, haina pa kuushika. Zile za akili bandia zinabuni sura. Umeshawakabidhi?

Kijana wa Mindu:
Albamu bado.

Shangazi Nuru:
Albamu bado, na nini tayari?

Kijana wa Mindu:
Nilirusha chache kwenye grupu la familia, nimezipitisha kwenye programu ya simu ya kusafisha sura. Watu wameweka mioyo kibao. Ni bibi mmoja tu wa mstari wa nyuma amewekewa meno, na mama wa bi harusi anauliza yule ni nani. Lakini wengi wamezipenda, ndio maana nataka programu bora zaidi, sio kurudia picha. Na lenzi ya f/1.4 nimeshalipia nusu, hili halitajirudia.

Bwana Kitumbua:
Bibi kaingia harusini na ufizi, katoka na meno 32 😂😂

Fundi Lenzi:
f/1.4 ukumbini itakuvusha kutoka 1/40 hadi kama 1/65. Mtu bado anacheza. Bustanini ukiifungua yote, zile sentimita 44 zinakuwa 34. Umelipia ugonjwa ule ule. Muulize muuzaji kama atakubadilishia uchukue flashi.

Kijana wa Mindu:
Mbona wapiga picha wakubwa wote wanatumia 1.4?

Fundi Lenzi:
Kwa mtu mmoja, fokasi kwenye jicho. Ukoo mzima wanafunga apecha.

Shangazi Nuru:
Mwanangu, mpigie mama wa bi harusi leo, kabla grupu halijamfikia huyo bibi. Waombe mrudie ile ya familia tu, bado wako Morogoro hao.

Kijana wa Mindu:
Wengine wamesharudi Dar. Nitampigia. Ila bibi nimrudishe bila meno au nimwache hivyo hivyo?

Shangazi Nuru:
Muulize mwenyewe. Huenda ameyapenda.