Mkazo kwenye maneno marefu ya Kiholanzi

Ndugu zangu, salaam.

Jumamosi usiku mwanangu alishikwa na homa kali. Nikamuuliza dereva wa basi huisartsenpost, kituo cha daktari wa dharura usiku na wikendi, iko wapi. Akanikodolea macho. Nikarudia mara tatu, hadi nilipomwonyesha neno kwenye simu ndipo akasema, "Aa, HUISartsenpost!" Mimi nilikuwa nasema huisartSENpost. Herufi zote nilizitamka, sasa kosa liko wapi? Na maneno marefu ya kwenye barua za gemeente, yaani manispaa, mnayakataje?

Dada yenu, Den Haag

*

Dada, pole sana. Mtoto anaendeleaje?

Kosa ni mkazo. Sisi tumezoea silabi ya pili kutoka mwisho: MWAna, ukiongeza sheria, mkazo unahamia mwanasheRIa. Mholanzi akiunganisha maneno, mkazo mkuu kwa kawaida unabaki kwenye neno la kwanza, palepale ulipokuwa. Hayo mengine yanashushwa sauti: ZORGverzekering (bima ya afya), HUURtoeslag (ruzuku ya kodi ya nyumba), KINderopvangtoeslag (ruzuku ya malezi ya watoto). Neno la kwanza likianza na ver-, ge- au be- kama hivi, ruka silabi hiyo: verBLIJFSvergunning (kibali cha ukaazi), geBOORteakte (cheti cha kuzaliwa), beLASTingdienst (idara ya kodi).

Kukata, anzia nyuma. Neno la mwisho ndilo kitu chenyewe, kama la kwanza kwetu. Verzekering ni bima, zorg ni matunzo, basi ni bima ya afya. Na kama bima inavyodai "ya", nummer (nambari) nalo linadai het, mojawapo ya vineno viwili, de na het, vinavyotangulia nomino: het burgerservicenummer (nambari ya utambulisho), ingawa burger (raia) peke yake ni de. Arbeidsongeschiktheidsverzekering ina herufi 33 na silabi 10, lakini ni bima tu, ya mtu asiyeweza tena kufanya kazi. Ikate arbeids, ongeschiktheids, verzekering. Hizo s za viungoni ni gundi, usizitafutie maana.

Kaka yako, Rotterdam

*

Naongezea moja: stadhuis, jengo la manispaa, haifuati kanuni hiyo ya mkazo. Ni stadHUIS. Hilo lishike kwa kichwa. Mimi hugonga meza kwa kidole kwenye silabi yenye mkazo. Nikigonga pasipo pake, binti yangu anasikia hata akiwa jikoni.

Mama wa Utrecht

*

Homa imeshuka, alhamdulillahi. Asanteni sana. Nimegonga meza jioni nzima: verBLIJFSvergunning imekubali, inburgeringsexamen (mtihani wa wahamiaji) bado. Kaka, hapo nagonga IN?

*

IN, dada. Na ni het, kwa sababu ya examen.