Mafunzo ya mbwa Mbeya: kumpeleka akakae kwa mwalimu, mwalimu aje nyumbani, au nimfundishe mwenyewe?

Mama_Isyesye
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Tumehamia Isyesye mwaka jana, na uzio wa nyuma bado haujaisha, tumeziba kwa mabati na milunda. Tuna mbwa jike, mchanganyiko wa German Shepherd na hawa wetu wa kienyeji, ana miezi minane. Usiku analinda vizuri, simlaumu. Shida ni asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu watoto wa shule wanapita njia ya nyuma, naye anajipenyeza chini ya bati na kuwatokea. Wiki iliyopita alimkamata mtoto sweta kwenye kiwiko. Ngozi haikuguswa, nilimkagua mwenyewe, ila sweta lilichanika. Yule mtoto alikaa chini katikati ya njia amekumbatia begi lake, halii, anatetemeka tu. Mimi pia ni mzazi, jambo lile halijanitoka. Nimenunua sweta jingine, nimeenda kuomba radhi kwa mama yake, na mwenyekiti wa mtaa ameshakuja kuzungumza nasi kwa ustaarabu.

Nimepata njia tatu. Kuna mtu upande wa Mbalizi anamchukua mbwa, anakaa naye mwezi mzima kisha anakurudishia. Bei yake inakaribia kodi ya vyumba viwili kwa miezi mitatu. Kuna askari mstaafu aliyefanya kazi kikosi cha mbwa na farasi, anakuja nyumbani mara moja kwa wiki, unamlipa kila akija pamoja na nauli ya bajaji. Ya tatu ni ya baba watoto: tumfunge mnyororo mchana kutwa, mafunzo tufanye wenyewe kwa video za mtandaoni. Aliyepita njia yoyote kati ya hizi anieleze alichokiona.

Mzee_wa_Forest
Pole sana mama. Mimi nilimpeleka wangu akakae kwa mwalimu, si huyo wa Mbalizi, mwingine, miaka minne imepita. Siku ya kumchukua nilionyeshwa mambo ya kupendeza: keti, lala, rudi nyuma. Mbwa anafuata kila neno. Nikalipa nikiwa na furaha. Tulipofika nyumbani nikamwambia keti, akanitazama tu. Nikarudia mara tano. Alikuwa amejifunza kumtii yule bwana, si mimi.

Hilo ningelivumilia. Jioni ile nilinyoosha mkono juu kutundika koti kwenye msumari, mbwa akajibana sakafuni, masikio nyuma, mkojo ukamtoka. Mbwa niliyemlea tangu ana wiki nane. Hapo nikajua alikuwa anafundishwa kwa kipigo. Ilinichukua karibu mwaka mzima akaacha kuuogopa mkono wangu. Ukienda kuangalia mahali, usiangalie mwalimu anavyotoa amri. Angalia mbwa wake wanavyokuja anapowaita: mkia uko wapi, tumbo linagusa chini au la.

Bodaboda_Uyole
Mama mimi napeleka maziwa asubuhi, madumu mawili nyuma. Mbwa akikurukia ukiwa na mzigo kwenye njia ya vumbi unaanguka. Nashukuru kwamba unalishughulikia. Wengi wanatuambia "hang'ati huyo".

Panyabuku_Morogoro
Nilisoma SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, nafanya kazi Tukuyu sasa. Pale chuoni kuna mradi wa APOPO unaofundisha panyabuku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Panya hapigwi. Kuna kidude kinacholia "kli!", kikilia tu panya anapewa chakula, kama ndizi iliyopondwa. Akishajua kwamba mlio ule maana yake chakula kinakuja, anaanza kutafuta mwenyewe ni tendo gani linaloleta mlio. Mafunzo yanachukua kama miezi tisa, na mwisho wake watu wanapita kwa miguu kwenye ardhi aliyoikagua panya.

Kwa mbwa ni hivyohivyo, kidude si lazima, neno fupi linatosha. Sema "safi!" palepale anapokaa, sekunde hiyohiyo, kisha mpe kitu. Ukichelewa hadi ufungue kabati utoe nyama, atakuwa ameshasimama, na utakuwa umemlipa kwa kusimama. Mimi natumia usipa, wale dagaa wakavu wa Kyela, wasio na chumvi, nawakata vipande nabeba mfukoni. Dakika tano asubuhi, tano jioni, inatosha kabisa. Akichoka hajifunzi.

Kihesa_Juu
Niko Iringa. Nampinga kidogo Mzee wa Forest, kwa heshima. Wangu alikaa kwa mwalimu wiki sita na matokeo yalikuwa mazuri, lakini mwalimu yule aliniwekea sharti: kila Jumamosi niwepo saa mbili, kamba mkononi mwangu, yeye anasimama pembeni ananisahihisha. Jumamosi mbili nilizokosa aliniambia wazi kwamba namharibia kazi. Kwa hiyo mama, waulize wa Mbalizi swali moja: mimi nitakuwa na siku zangu za kufundishwa? Wakisema hakuna haja, ondoka.

Hili la kulisha vipande mkononi linanipa wasiwasi. Sisi tunafuga kwa ulinzi. Wezi wanarusha nyama yenye sumu. Ukimzoesha kula mkononi si unamfungulia mlango?

Panyabuku_Morogoro
Kaka swali lako ni la msingi. Anayekula chochote anachokuta chini ndiye anayekufa kwa sumu. Anayefundishwa kwa vipande anajifunza pia "acha": unaweka nyama chini, unaifunika kwa kiganja, akirudisha pua nyuma anapata kipande kingine kutoka mkono wako. Kila siku, sehemu tofauti ya ua, baadaye arushe mtu mwingine kutoka nje ya uzio. Na ashibe jioni. Mbwa mwenye njaa usiku hakuna mafunzo yatakayomzuia.

Itezi_Mlimani
Sisi tulichukua mwalimu wa kuja nyumbani, huenda ni huyohuyo wako. Siku ya kwanza hakumgusa mbwa kabisa. Alituweka wote sebuleni, mimi, mke wangu, watoto watatu, dada wa kazi, akauliza kila mmoja: ukitaka mbwa ashuke kwenye kochi unasemaje? Yakatoka majibu sita. "Shuka", "toka", "wewe!", mdogo anapiga makofi tu. Akasema mbwa hana kosa, anasikia lugha sita. Tukaandika maneno manne kwenye karatasi, tukabandika mlango wa jikoni: keti, baki, njoo, acha. Yeyote aliyesema tofauti alikumbushwa.

Wiki ya tatu ndipo akaanza kazi ya getini. Alimsimamisha mbwa mbali na njia, mbali kiasi kwamba anawaona watoto ila hajaanza kuvuta kamba. Mtoto akipita, kipande. Mwingine akipita, kipande. Siku zinavyokwenda wanasogea hatua mbili tatu. Ukimpeleka karibu mapema anabweka hadi hasikii chochote, na siku hiyo imepotea. Tulichukua miezi miwili na nusu. Sasa akiona sare za shule anageuka kunitazama mimi.

Upungufu wake: Januari hadi Aprili mvua ikikaza, bajaji hazipandi huku kwetu, tulikosa wiki kadhaa.

Bwana_Mifugo_Rungwe
Naona hakuna aliyemjibu baba watoto. Mnyororo mchana kutwa unamfanya awe mkali zaidi. Anaona watu, hawezi kuwafikia, hawezi kukimbia, hasira zinalimbikizana, siku mnyororo ukikatika ndiyo siku ya kilio. Mjengeeni banda lenye nafasi upande asioona njia.

Na kabla ya mwalimu yeyote, wa Mbalizi au yule mstaafu: ziba lile bati. Chimba mtaro wa futi moja kwenye mstari wa uzio, panga mawe, shindilia. Ni kazi ya Jumamosi moja. Mafunzo yanachukua miezi, watoto wanapita kesho.

Chanjo ya kichaa cha mbwa amepata? Inatolewa kuanzia miezi mitatu na inarudiwa kila mwaka. Tunza kadi. Akimtoboa mtu hata kidogo, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana chanjo. Ugonjwa huo dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kwa miezi minane pia anakaribia joto au ameshaanza. Ongea na daktari wa mifugo kuhusu kumfunga kizazi, la sivyo madume wa mtaa mzima watakuja kwenye lile bati.

Mama_Isyesye
Ndaga fijo, asanteni sana wote. Nimechelewa kujibu kwa sababu Jumamosi tulikuwa kwenye mawe. Baba watoto mwenyewe alichimba, jirani akaleta toroli, uzio wote wa nyuma umekaa. Kadi ya chanjo nimeikuta, ilipita muda wake mwezi mmoja, amechomwa jana.

Nilienda Mbalizi kuona. Mwalimu alinipokea vizuri, lakini nilipouliza siku zangu alisema mama wewe pumzika, mbwa atakuja tayari. Nikakumbuka Kihesa. Nikaangalia mikia, nikakumbuka Forest. Nimeondoka.

Tunaanza na yule mstaafu Jumatano. Nilimuuliza kama anatumia fimbo, akatoa mfukoni kifuko cha maini yaliyochemshwa, yamekatwa vidogo kama punje za mahindi. Karatasi ya maneno manne ipo mlangoni tangu jana, mwanangu mdogo ameichorea mbwa pembeni. @Itezi_Mlimani, kama bado unamtumia tugawane nauli: aje kwako asubuhi, kwangu saa nane?

Itezi_Mlimani
Sawa dada. Nitamwambia aanze kwangu, kwako afike saa nane, watoto wanatoka shule saa nane na nusu, atataka kuiona njia ikiwa na watu.