Naomba ushauri: mgonjwa wa figo mwenye mpira wa mkojo

Wakuu, habari zenu. Namuuguza baba nyumbani, figo zimedhoofika na amewekwa mpira wa mkojo. Mfuko nauning'iniza chini ya usawa wa kibofu ili mkojo usirudi, naumwaga kabla haujajaa, na kila asubuhi nampima uzito, maana ukipanda ghafla huenda maji yanajaa mwilini.

Kinachonitesa ni kiu yake. Daktari amempunguzia maji, naye ananitazama midomo imekauka, roho inaniuma mno. Kusukutua kunamsaidia kidogo tu. Wenye uzoefu wa uuguzi, mnawatulizaje wagonjwa wa namna hii?

Halafu tangu jana mkojo una ukungu na chembechembe nyeupe, ingawa homa hana. Nimpeleke leo leo, au nisubiri siku yake ya kliniki?