Wenye steshenari, msiba siyo bethdei! Mmetuchosha na hizi fonti zenu

Wakuu, heshima zenu. Mnisamehe kwa ukali, ila leo uvumilivu umeniishia.

Tumefiwa na bamkubwa. Nikapeleka steshenari wasifu wa marehemu na ratiba ya mazishi, vyote nimeshaviandika kwenye fleshi, kazi yao ni kupanga kurasa na kuchapa tu. Jamaa akaona "haivutii", akabadilisha bila kuniuliza. Vijitabu vinafika msibani asubuhi, jalada limeandikwa BURIANI BABA kwa Jokerman! Ile fonti yenye nukta, mawimbi na vizingo vinavyorukaruka pembeni ya herufi. Ndani ndiyo balaa kabisa: wasifu mzima kwa Curlz, saizi ndogo, kisha ukapigwa fotokopi. Vile vikia vilivyojikunja vikajaa wino, vikabaki vitone vyeusi. Katekista anasoma mwaka wa kuzaliwa kwa kukisia. Shangazi akauliza bethdei ya nani.

Nampigia, ananijibu: "Bosi, si imependeza lakini?"

Imependeza nini? Jokerman ilichorwa na Mwingereza Andrew Smith mwaka 1995, na Curlz ya kampuni ya Monotype ilitoka mwaka huohuo. Sizichukii, msije mkanielewa vibaya. Ni fonti za maneno mawili matatu, makubwa, yenye nafasi ya kupumua. Weka kwenye bango la chekechea, kadi ya bethdei, kibanda cha aiskrimu, nitakuwa wa kwanza kukusifia. Lakini aya nzima? Jicho linakwama kwenye kila pambo, ukifika mwisho wa mstari umesahau ulikotoka. Na Curlz ukiiandika kwa herufi kubwa tupu, mikia inagombana hadi neno halisomeki.

Tatizo zimewekwa bure humo kwenye Microsoft Office. Mtu anafungua orodha, anaona kitu kinameremeta, anabofya. Ndiyo maana mtaani kwetu tangazo la maji kukatwa linachekacheka, mkataba wa chumba unachekacheka, mpaka barua ya kudai kodi! Unadaiwa huku unachekewa.

Najua kuna mtu ataleta habari za CERN, wale wanasayansi wa fizikia wa Ulaya, kwamba mwaka 2012 walionyesha matokeo ya utafiti wa chembe ya Higgs kwa Comic Sans, fonti nyingine ya mzahamzaha. Sawa, na walichekwa mitandaoni vilevile. Halafu Comic Sans angalau inasomeka.

Kinachoniuma zaidi, hela harudishi. Anasema "kazi imeshatoka". Kazi ipi, wakati mimi nilikupa maandishi safi ukayavalisha shanga?

Kama kuna mwanajamvi anajua steshenari maeneo ya Mbezi wanaochapa walichopewa bila kuongeza nakshi zao, aitaje hapa tafadhali. Arobaini inakuja na bado tuna vijitabu vya kuchapa.