Msimamizi asiyesoma ripoti zangu
Swali: Wakuu, heshima kwenu. Nipo mwaka wa pili wa mafunzo ya vitendo chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi hapa Tanzania, yanayochukua miaka 3, na msimamizi wangu husaini ripoti bila kuzisoma. Je, niombe mwingine?

Jibu: Kwanza, kijana wangu, mwombe nusu saa kila mwezi, uende na hesabu moja iliyokutatiza, kwa kuwa mtu mwenye shughuli nyingi hujibu swali mahususi kwa wepesi kuliko kusoma kurasa 20.

Jibu: Naafiki, ila saini ya namna hiyo (nami niliwahi kuipokea kwa furaha) itakuumbua kwenye usaili wa Bodi wa kukusajili, utakapoulizwa ulichofanya wewe mwenyewe. Asipobadilika, iandikie Bodi.

Muulizaji: Shukrani. Jumatatu nitampelekea hesabu za nguzo.