Lokamu wa miezi 14 Nakuru: tunaweza kuacha tu kumpangia zamu?

Kliniki_Section58
Wakuu, naomba mwongozo. Kliniki ni ndogo, ina wafanyakazi wanne. Afisa wa kliniki mmoja, yaani tabibu, huitwa lokamu (mtu wa kushikilia zamu kwa muda), lakini ni mwezi wa 14 sasa anafanya kazi siku 6 kwa wiki, shilingi 1,500 kwa zamu, analipwa kila Jumamosi kwa M-Pesa. Mkataba wa maandishi hakuna. Siku hizi hesabu ya dawa haitimii, hasa chupa za seftriaksoni (antibiotiki ya sindano), na zamu ya asubuhi inafunguliwa kwa kuchelewa. Mwenye kliniki anataka asipangiwe zamu kuanzia Jumatatu, na dawa zilizopotea zikatwe kwenye malipo yake ya mwisho. Kuna shida kisheria?

Mto_Njoro
Lokamu si mwajiriwa. Kama mnaogopa, mpeni notisi ya mwezi mmoja na pesa yake, muachane. Sababu si lazima kutaja.

AjiraKondele
Hapana, Mto_Njoro, ushauri huo utaitia kliniki hasara. Mambo ya notisi bila sababu yalikuwa ya sheria ya zamani. Tangu Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu, na kifungu cha 45 kinataka sababu iwe halali na utaratibu uwe wa haki. Notisi peke yake haitoshi.

Na jina "lokamu" halimwondoi kwenye sheria. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Huyu ana miezi 14. Lokamu wa kweli huja kushikilia zamu za mtu aliye likizo, huleta ankara yake na ana uhuru wa kukataa zamu. Huyu mnampangia saa, anatumia vifaa vyenu, na meseji za M-Pesa za kila Jumamosi ndizo ushahidi wake. Tena kwa kuwa hamkumwandikia masharti ya kazi, likitokea bishano kuhusu masharti hayo, mzigo wa kuthibitisha uko kwenu.

Mkiacha kumpangia zamu, hiyo ni kumfuta kazi bila kumsikiliza. Piga hesabu: 1,500 mara siku 26 ni 39,000 kwa mwezi. Fidia ya kufutwa isivyo haki inaweza kufika mishahara ya miezi 12, yaani 468,000. Hicho ni kikomo, na mahakama huangalia muda wa utumishi na mwenendo wa pande zote mbili. Ongeza malipo ya notisi ya mwezi mmoja 39,000 na likizo ambayo hakuchukua: siku 1.75 kwa mwezi mara 14 ni siku 24.5, sawa na 36,750. Ana miaka 3 ya kushtaki, na kwa mshahara usiozidi 80,000 hakimu aliyeteuliwa kwa kesi za ajira anaweza kumsikiliza.

Kliniki_Section58
Asante sana. Basi tuanzie wapi? Dawa kweli zinapotea.

AjiraKondele
Anza na kabati, barua ije baadaye. Chukua kadi ya stoo ya seftriaksoni na mafaili ya wagonjwa ya kipindi kile kile. Tuseme zilipokelewa chupa 40, mafaili yanaonyesha wagonjwa wamechomwa chupa 22, kabatini zimebaki 7. Zinazokosekana ni 11. Sasa uliza swali ambalo wengi hulisahau: ufunguo unashikwa na nani? Kama muuguzi, mtu wa mapokezi na afisa wa kliniki wote wanajua unapotundikwa, hizo 11 haziwezi kuwekwa kichwani mwa mtu mmoja. Kesi nyingi za wizi kazini huangukia hapo. Kuchelewa ni rahisi zaidi kuthibitisha, mradi daftari la kuripoti lina saa na sahihi.

Kisha mwandikieni barua ya kujieleza. Itaje tarehe, idadi na zamu. "Umekuwa mzembe" haimwambii mtu ajibu nini. Sheria haikutaja siku za kujibu, lakini siku 3 ni za haki. Akiwa anasubiri, mkimwondoa zamu mlipeni kama kawaida.

Baada ya majibu, kikao cha kumsikiliza, kinachotakiwa na kifungu cha 41. Aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, na awe na haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Aliyehesabu dawa awe shahidi, asiwe mwamuzi. Andikeni kumbukumbu za kikao na wote watie sahihi. Akikataa, andikeni kwamba amekataa. Uamuzi utolewe siku nyingine. Barua ya kufutwa iliyochapishwa kabla ya kikao, tarehe yake huwaumbua mahakamani.

Mhasibu_Kakamega
Niongeze upande wa pesa. Msikate dawa kienyeji. Kifungu cha 19 kinaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi, na makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Upotevu usio na mwenyewe haukatwi. Hata akifutwa papo hapo, siku alizofanya kazi lazima zilipwe.

Kingine ni makato ya kisheria. Mwajiriwa anatakiwa kukatwa SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 na mwajiri aongeze 1.5 yake, NSSF (akiba ya uzeeni) na PAYE (kodi ya mapato), yote ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata, ila ushuru wa nyumba mwisho wake ni siku ya 9 ya kazi. Kama NSSF haikulipwa, anaweza pia kudai malipo ya utumishi, ambayo kwa kawaida ni mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Lipeni malimbikizo kabla hamjaitwa ofisi ya leba.

Kliniki_Section58
Swali la mwisho. Namba za wagonjwa wa sukari na presha ziko kwenye simu yake binafsi, kwenye WhatsApp.

AjiraKondele
Hilo ni zito kuliko dawa. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za afya ni data nyeti, na mwenye dhamana ni kliniki. Watoa huduma za afya hujisajili kwa Kamishna wa Data hata wakiwa wadogo. Zikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa wagonjwa, Kamishna ajulishwe ndani ya saa 72. Nunueni laini ya kliniki leo, namba zihamishiwe huko akiwa bado kazini, na atie sahihi kwamba amezifuta. Msimtishie kumshtaki kwa baraza la taaluma yake ili akubali kuondoka kimya. Kama kuna kosa la kitaaluma, peleka malalamiko yenye ushahidi. Na akiondoka kwa njia yoyote ile, cheti cha utumishi ni haki yake. Msikizuie kwa sababu ya chupa 11.