Paka wangu hunikandakanda kabla ya kulala: je, ni upendo, au anatafuta joto tu?

Mama Koko

Wapendwa, naomba mnisaidie kuamua ubishi ambao umekuwa ukiendelea nyumbani kwetu. Nina paka jike mwenye mabaka, tunamwita Koko, ambaye kila usiku nikishakaa kusoma hupanda mapajani na kuanza kunikandakanda kwa miguu ya mbele, mmoja baada ya mwingine, huku akikoroma kwa sauti inayosikika hadi chumba cha pili. Akimaliza hujikunja, akanitazama, akayafumba macho taratibu na kuyafumbua tena. Nilipougua homa hakuondoka kitandani kwangu isipokuwa kwenda kula. Watoto wanasema Koko ananipenda kuliko mtu mwingine yeyote humu ndani, lakini kaka yangu anashikilia kwamba paka hampendi mtu: anapenda joto la mwili na mkono unaomtilia chakula, na siku jirani atakapompa kitamu zaidi ndipo nitakapojua yeye ni wa nani.

Ningependa kusikia wenye uzoefu wanasemaje kuhusu tabia hizi, na pia vituko vya wanyama wenu vinavyowagusa mioyo. Sitaki kuambiwa tu lile ninalopenda kulisikia. Kama ipo tabia ambayo sisi tunaiona inapendeza kumbe mnyama anateseka, nayo isemwe.

Bibi wa Paka

Mwanangu, nimefuga paka tangu ujana wangu, na maneno ya kaka yako nayafahamu vizuri, kwa maana marehemu mume wangu alikuwa nayo hayohayo mpaka paka mmoja alipoamua kulala kifuani pake.

Nianze na huko kukandakanda. Mtoto wa paka anaponyonya huyasukumasukuma matiti ya mama yake ili maziwa yatoke vizuri, na paka wengi hubaki na tabia hiyo hata ukubwani, wakiifanya mahali palipo laini na wanapojiona salama. Katikati ya vidole vyao mna tezi zinazotoa harufu ambayo pua zetu haziwezi kuinusa, kwa hiyo paka anayekukanda anakuachia pia alama yake. Kwa hesabu zake, wewe ni sehemu ya makazi, na hilo si jambo dogo kwa mnyama ambaye anaweza kuondoka kupitia dirishani wakati wowote apendao.

Kuhusu macho, mwaka 2020 watafiti wa saikolojia wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth, nchini Uingereza, walichapisha uchunguzi wa jambo hilohilo. Walikuta kwamba paka hufinya macho zaidi pale mwenye nyumba anapowafumbia macho taratibu, na kwamba paka huelekea zaidi kuusogelea mkono wa mtu wasiyemjua ikiwa mtu huyo amewafumbia macho kwanza kuliko akiwatazama bila kuonyesha lolote usoni. Jaribu leo usiku: mtazame Koko pasipo kumkazia macho, fumba yako polepole, fumbua, kisha geuza uso kidogo. Ukiona amekujibu, umekwisha salimiwa. Ongeza na mkia uliosimama wima anapokuja kukulaki, ambayo ndiyo salamu ya paka kwa paka mwenziwe anayemwamini, pamoja na sauti ya «nyau», ambayo paka wazima hawaitumii sana wao kwa wao bali watoto huwalilia nayo mama zao, na wa nyumbani hutulilia sisi.

Kwa hiyo, je, ni upendo au ni joto? Naona kaka yako ameligawa jambo lisilogawanyika. Mtoto mchanga naye humlilia mama kwa ajili ya maziwa na joto, wala hakuna anayesimama kando ya kitanda chake akatangaza kwamba hampendi.

Mlinzi wa Lango

Shikamoo Bibi. Mimi ni mtu wa mbwa, na hapa kwetu mwenye vituko ni dume zee lenye masikio yaliyolala. Akisikia mtu wa nyumbani anafungua lango, hukimbia kwanza kutafuta kitu cha kubeba kinywani, kiwe kiatu, mto, au hata sufuria tupu kama siku ile moja tuliyocheka hadi machozi. Hampi mtu kitu chenyewe wala hakiachii. Anazunguka nacho tu, kiuno kizima kikicheza pamoja na mkia, kana kwamba ameona haya kumpokea mgeni mikono mitupu.

Kwa upande wa mbwa, sayansi imemjibu kaka kwa uwazi zaidi. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walipima homoni ya oksitosini, ambayo ndiyo inayohusika pia katika kumfunga mama na mtoto wake mchanga, wakakuta kwamba mbwa na mwenyewe wakitazamana kwa muda mrefu, kiwango cha homoni hiyo hupanda kwa wote wawili. Walipowajaribu mbwa mwitu, wale waitwao «wolf» kwa Kiingereza, waliolelewa na watu, hawakuona jambo hilo. Mwaka 2019 watafiti wengine walionyesha kwamba mbwa ana msuli ulio imara wa kuinua nyusi kwa ndani, ule unaompa macho ya huruma, ilhali kwa mbwa mwitu mahali hapo huwa na nyuzi hafifu tu. Maelfu ya miaka ya kuishi nasi yameandikwa mpaka usoni mwao.

Tena kuna Hachiko, ambaye naona kesi yake inafanana kabisa na ubishi wenu. Mbwa huyu wa aina ya Akita, aliyezaliwa mwaka 1923, alikuwa akimlaki mwenyewe, Profesa Hidesaburo Ueno, kwenye kituo cha treni cha Shibuya jijini Tokyo. Profesa alifariki ghafla mwezi Mei 1925 akiwa kazini, na Hachiko akaendelea kufika kituoni hadi alipokufa tarehe 8 Machi 1935. Wapo waliosema alifuata vipande vya nyama alivyotupiwa na wachuuzi, na ni kweli kwamba alipopasuliwa baada ya kufa, tumboni mwake zilikutwa njiti za mishikaki. Lakini hadi gazeti lilipoandika habari zake mwaka 1932, watu wengi pale kituoni walikuwa wakimfukuza na hata kumtendea vibaya, na yeye akarudi vilevile. Mishikaki ilimkuta ameshakuwa na desturi yake. Chakula kinaweza kuingia katika mapenzi bila kuwa ndiyo chanzo chake.

Nimwonye tu ndugu yetu juu ya jambo moja. Ule uso wa «nimekosa» ambao mbwa huuonyesha unapokuta mto umechanika, masikio nyuma na macho pembeni, si ushahidi wa toba. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alionyesha kwamba uso huo hutokea zaidi mbwa anapokaripiwa, awe amekosa au hakukosa. Anasoma hasira yako na kujaribu kuituliza. Mimi tangu nijue hivyo siucheki tena uso ule, ingawa picha zake zinasambazwa kila siku kama kichekesho.

Rafiki wa Sungura

Naomba na wadogo wasisahauliwe. Sungura wangu hana sauti ya kunibembeleza nayo, lakini asubuhi akifunguliwa huruka juu ghafla, akajipinda hewani kichwa upande huu na miguu upande ule, akatua na kukimbia kama aliyepewa habari njema. Hiyo ndiyo furaha yake, wala haihitaji mfasiri. Ukimpapasa paji la uso anasaga meno polepole, mlio mwembamba sana wa kuridhika. Akiyasaga kwa nguvu huku amejikunyata, hapo ana maumivu, na safari ni ya kwa daktari wa mifugo. Simbilisi nao, hasa wakiwa wachanga, hurukaruka papo kwa papo kama bisi kikaangoni.

Hata panya, ambaye wengi hawamtaki katika orodha hii, ana lake: mtafiti Jaak Panksepp na wenzake waligundua kwamba panya wa maabara wakitekenywa hutoa milio ya takriban kilohezi 50, ya juu mno kwa sikio la binadamu, na kwamba huukimbilia mkono unaowatekenya ili watekenywe tena. Hawapewi chakula kwa kufanya hivyo. Sijui kaka atasema wanatafuta nini.

Msaidizi wa Kliniki

Mama Koko ameomba upande wa pili nao usemwe, na kwa kuwa kazi yangu ni kuwapokea wanyama wenye hofu, nitausema bila kuupamba.

Mfano mbaya kuliko yote ninaoujua ni wa lorisi, mnyama mdogo wa misitu ya Asia mwenye macho makubwa, ambaye video zake zimeangaliwa na mamilioni ya watu kwa sababu akitekenywa huinua mikono yote miwili kana kwamba anafurahia. Hafurahii hata kidogo. Lorisi ana tezi karibu na viwiko, na mate yake yakichanganyika na majimaji ya tezi hizo hupatikana sumu. Kuinua mikono ni kujiandaa kujihami. Wanaouzwa aghalabu hung'olewa au kukatwa meno ili wasiwaume wanunuzi. Kila anayeipenda video ile anachochea soko la wanyama walioibwa porini, na sioni sababu ya kulisema hili kwa upole.

Kwa wanyama wa nyumbani makosa yetu ni madogo zaidi, lakini ni ya kila siku. Mbwa anayekumbatiwa na mtoto huku akipiga miayo, akilamba midomo yake mwenyewe, akigeuza kichwa pembeni hadi weupe wa macho unaonekana, anaomba aachiwe, na aliyekaribu anapiga picha badala ya kumwondoa mtoto. Mkia unaotikisika nao si furaha kila mara: mwaka 2007 watafiti wa Italia walionyesha kwamba mbwa akimwona mwenyewe, mkia huelemea zaidi upande wake wa kulia, na akimwona mbwa mgeni mwenye kutisha huelemea kushoto. Paka aliyelala chali na kukuonyesha tumbo amekuamini, lakini imani hiyo si ruhusa ya kulishika. Kukoroma pia, Mama Koko, kusikutulize kupita kiasi, kwa sababu paka hukoroma hata akiwa na maumivu makali. Nimewasikia wakikoroma juu ya meza ya matibabu wakiwa wamevunjika miguu. Mtazame mnyama mzima, yaani masikio, mkia, anavyokula na mahali anapochagua kulala, usisikilize koo peke yake.

Kipimo ninachowapa watu ni chepesi: mpapase kidogo shavuni au kidevuni, kisha ondoa mkono na ungoje. Akiusukuma mkono wako kwa kichwa, endelea. Akibaki kimya au akageuka, umeshajibiwa.

Mtu wa Pwani

Nashangaa hakuna aliyemtaja kiboko Owen. Alikuwa ndama wa takriban mwaka mmoja alipobaki peke yake baharini karibu na Malindi, wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaokolewa na kupelekwa kwenye hifadhi ya wanyama ya Haller Park, Mombasa. Alipofunguliwa alikwenda moja kwa moja kujificha nyuma ya kobe mkubwa wa Aldabra aliyeitwa Mzee, ambaye umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 130 hivi. Mzee hakupendezwa, alimtolea pumzi kali na kujivuta mbali, lakini ndama akamfuata kila alikokwenda. Haikuchukua muda wakawa wanakula pamoja, wanaogelea pamoja, na kulala ubavu kwa ubavu.

Kisa cha Owen kinaeleweka: ndama wa kiboko huishi ameambatana na mama yake, na pale mwili mkubwa wa mviringo uliokuwapo ulikuwa ni wa kobe. Mimi ananiduwaza yule Mzee. Kobe halei watoto wake, hutaga mayai na kwenda zake, kwa hiyo hakuna desturi ya uzazi iliyomsukuma, wala yule kiboko hakumpa joto au chakula. Baadaye walitenganishwa kwa kuwa Owen alikuwa akikua na uzito wake ungeweza kumwumiza kobe, naye akapata kiboko mwenziwe. Wenye hoja ya «ni tumbo tu» waanzie kwa Mzee.

Mama Koko

Shikamoo Bibi, na asanteni nyote. Nimejaribu kufumba macho kama nilivyoelekezwa, na Koko amenijibu mara mbili mfululizo mbele ya kaka, ambaye amesema paka alikuwa na usingizi. Habari za lorisi zimenisikitisha sana, kwa sababu video hiyo watoto wangu wanaipenda. Nitakaa nao niwaeleze.

Nina swali moja dogo lililobaki. Akinikanda hutoa kucha, na mapaja yangu yana mikwaruzo. Je, nifanye nini nisiumie, bila kumfanya ajione amefukuzwa?

Bibi wa Paka

Marahaba, mwanangu. Usimpige, usimpigie kelele, wala usimsukume ashuke, kwa kuwa hatajua kosa lake ni nini. Atajua tu kwamba mapaja yako si mahali salama tena. Weka blanketi zito au mto mwembamba mapajani kabla hajapanda, na liwe lilelile kila usiku ili lishike harufu yake. Kucha zipunguzwe kwa kikatio cha paka, ncha ile kali tu, bila kufikia sehemu ya ndani yenye rangi ya waridi, maana hiyo ina damu na mishipa ya fahamu. Kama hujawahi kufanya kazi hiyo, mwombe daktari wa mifugo akuonyeshe mara ya kwanza. Nyumbani, fanya wakati ameshiba na anasinzia, kucha moja au mbili tu kwa siku, na akivuta mguu mwachie. Msiwaze kabisa kumng'oa kucha: upasuaji huo huondoa kifundo cha mwisho cha kila kidole, na nchi kadhaa zimeupiga marufuku. Mpe pia gogo au ubao uliofungwa kamba ya katani, uwe mrefu wa kutosha ajinyooshe juu yake, uusimamishe karibu na mahali anapolala, kwa sababu paka hupenda kukwaruza mara anapoamka.

Na kaka yako mwambie paka mwenye usingizi hafumbui macho ili ayafumbe tena.